Rangi ya Kucha Nyuma ya Sanduku

Buluo, 3 Machi 2024

Kwa Papa Barnabé, Likasi

Papa, nakusalimu.

Ninayekuandikia kutoka gereza la Buluo ni Magloire, fundi wa redio, yule uliyemfunga. Barua hii inaletwa na mke wangu Joëlle. Ninakuomba usimfukuze mlangoni kabla hujasomewa, maana najua macho yako hayaoni, na nimesikia mkono wako wa kulia bado uko kwenye bandeji. Pole kwa mkono. Hiyo naisema kwa moyo mweupe. Mengine nitayasema kwa moyo ninaoweza kuupata huku.

Mwezi wa kwanza ulinitumia kisanduku cha umeme cha platini yako, ile mashine ya kuchezea santuri, kile kinachokaa nje ya mashine na kuipa nguvu kwa waya mmoja. Transfoma ilikuwa imekufa. Ya namna ile Likasi haipo, Lubumbashi haipo, na muzungu aliyekuuzia mashine mwaka wa tisini na moja hakuacha anwani. Basi nilifungua ile ile, nikatoa shaba iliyoungua, nikazungusha mpya kwa mkono, mizunguko zaidi ya elfu mbili, nikihesabu kwa sauti mpaka Joëlle akasema nitaanza kuota namba. Chuma chake ni kile kile cha kiwandani. Fundi mwenzangu Adolphe anapowaambia watu kwamba niliiba transfoma ya asili nikaweka ya kienyeji, ama hajui kazi, ama anaijua na anawataka wateja wangu.

Sasa nisikilize kwa jambo moja tu. Nyuma ya sanduku kuna swichi ndogo ya volti, upande mmoja 220, upande mwingine 110. Wewe unawajua watu wa mji wetu. Umeme ukilegea wanaisukuma kwenye 110 ili mashine ipate nguvu, halafu umeme unarudi wote kwa pamoja na mashine inakwisha. Nimezika redio nyingi kwa tabia hiyo. Kwa hiyo kila swichi inayopita mikononi mwangu naifunga kwa tone la rangi ya kucha, nyekundu, ya Joëlle. Mtu akiisukuma, rangi inapasuka. Ya kwako niliifunga kwenye 220.

Mwambie mtu aangalie. Rangi ikiwa nzima, niache nioze. Ikiwa imepasuka, basi kuna mkono uliopita hapo baada ya wangu, na utajua la kumwambia hakimu.

Ni mimi,
Magloire

*

Likasi, 17 Machi 2024

Fundi Magloire,

Ninayesema ni mimi Barnabé. Anayeandika ni binti yangu Clotilde.

Barua yako nimesomewa. Una maneno mengi kwa mtu aliye mahali ulipo. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja kiwandani, na fundi wa kweli sikumjua kwa kelele.

Sanduku limeangaliwa. Nyuma hakuna rangi yoyote, wala nyekundu wala nyeusi.

Siku ile tulikuwa tunamaliza kilio cha mke wangu Marlène, mwaka mzima umetimia. Uwanja umejaa watu, santuri ya kwaya yake inaimba, mara moshi, pazia likashika moto. Ngozi ya kiganja changu ilibaki kwenye sanduku lako, nilipokuwa napapasa kuiokoa santuri. Katika santuri ile mke wangu anaimba peke yake beti mbili, na hakuna mahali pengine duniani ilipobaki sauti yake. Sasa ninayo, lakini haina cha kuichezea.

Hakuna aliyegusa sanduku. Clotilde alikaa karibu nalo tangu asubuhi, na yeye ndiye shahidi wangu. Usituandikie tena.

Barnabé
(kwa mkono wa Clotilde)

*

Buluo, 2 Aprili 2024

Papa Barnabé,

Umenikataza kuandika na bado naandika, kwa sababu huku sina kazi nyingine.

Ninaomba barua hii isomwe mpaka mwisho, neno kwa neno. Clotilde, hayo nakuambia wewe. Ulipokuja kuchukua sanduku nililigeuza nikakuonyesha tone lile kwa kidole. Ulicheka. Ulisema, "Ata mashini nayo inapaka verni?" Joëlle alikuwepo, naye akacheka, akakuonyesha chupa yenyewe. Leo unaniandikia kwamba hakuna rangi. Kama ungesema imepasuka, au ni nzima, ningekuelewa. Lakini rangi ya kucha haitoki kwenye plastiki kwa upepo. Inatolewa.

Papa, tarehe ishirini na tatu tunasikilizwa. Sanduku liko kwenu, na mmeambiwa mlilete. Kabla ya siku hiyo lishike mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Vidole vyako vitakuambia kuliko macho ya mtu mwingine.

Magloire

*

Buluo, 5 Mei 2024

Clotilde,

Mwaka mmoja. Nimehesabiwa tangu siku niliyokamatwa, kwa hiyo nishukuru.

Uliona mwenyewe hakimu alivyoligeuza sanduku, akavaa miwani, akatafuta. Pale nilipowaambia kuna rangi, palikuwa pasafi. Sanduku zima lina masizi na vumbi la miaka thelathini, na kando ya swichi pameng'aa kama sahani ya wageni. Nilitaka kuwaonyesha usafi ule. Nikaambiwa nimeshasema ya kutosha. Adolphe akasema mafundi waongo wote wana hadithi ya namna hii, watu wakacheka, na wewe ukatazama viatu vyako.

Baba yako alikaa wima, mkono umefungwa, hakugeuza kichwa hata mara moja. Sidhani kama alisomewa barua yangu ya pili. Nadhani uliisoma peke yako jikoni.

Mama yangu ni mgonjwa, kule kwenye kijiji chetu cha wavuvi, Tshangalele. Ameambiwa niko safarini. Ninakuandikia ili ujue kwamba sasa naye anaishi kwa uongo wako.

Magloire

*

Likasi, 20 Julai 2024

Kaka Magloire,

Leo naandika mimi, kwa jina langu. Papa hajui.

Nimekutana na mama Joëlle sokoni akiwa amenyoa nywele. Sikuthubutu kuuliza. Aliniambia bila kuulizwa kwamba mama yenu amezikwa Tshangalele wiki tatu zilizopita, na kwamba aliuliza habari zako mpaka siku ya mwisho. Hakunitukana. Alichukua majani yake ya sombe akaenda. Tangu siku hiyo chakula hakinishuki.

Ni mimi niliyegeuza swichi. Nakueleza ilivyokuwa, si ili unihurumie.

Watu walikuwa wameshakula. Papa akaomba santuri ya Mama. Wakati ule umeme ulikuwa umelegea, balbu nyekundu kama kaa la moto, na platini ikazunguka polepole. Mama akaanza kuimba kwa sauti nzito, ya kuburuza. Shangazi Mamie akasema mbele ya wote, "Marlène njo anaimba sawa mwanaume sasa?" Wakacheka, uwanja mzima, kwenye kilio cha Mama. Nikamtazama Papa. Alikuwa ameinamisha kichwa, akasema polepole, "Ule haiko Marlène."

Hapo nilishindwa. Nilipiga magoti nyuma ya meza, nikasukuma swichi kwa ukucha. Rangi ilipasuka, niliisikia. Na Mama akarudi. Sauti yake yenyewe, Magloire, nyembamba, safi. Papa akainua kichwa akatabasamu, na mimi nikajiona nimefanya jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya. Alimaliza ubeti wa kwanza. Kisha umeme ukarudi wote.

Papa alipoanza kusema ni wewe, sikumkatiza. Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili ilikuwa imeshakuwa ngumu. Barua yako ilipokuja nilinunua dissolvan sokoni, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, nikafuta kile kipande. Barua ya pili nilimsomea salamu tu. Nilimwambia unaomba pole.

Nina miaka thelathini na tisa, sina mume, nyumba ni ya Papa. Akijua kwamba mkono wake uliungua kwa sababu yangu, na kwamba nilimfanya aape uongo, sina pa kulala wala sina baba. Nakuomba usimwambie. Nitatafuta njia. Ninaweza kuandika karatasi ya kuondoa malalamiko na kuweka jina lake, kama nilivyozoea.

Nisamehe ukiweza.
Clotilde

*

Buluo, 4 Agosti 2024

Clotilde,

Sikuweza. Nimejaribu siku nne, maana nilitaka kukujibu kama mtu mzima, na nimeshindwa.

Unataka nikae kimya ili wewe usipoteze baba. Mimi nimepoteza mama. Nilipata habari zake Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, Joëlle alipoleta bukari, naye alisubiri nimalize kula ndipo aniambie, kwa kuwa alijua nikisikia kwanza sitakula. Mama alikuwa amezikwa siku sita. Watu wa kijiji waliuliza mwanawe yuko wapi, mdogo wangu akajibu niko safarini. Nani anakosa kuzika mama yake kwa sababu ya safari? Sasa kule wananijua kama mtoto asiye na moyo, na kwa kweli afadhali wangejua nimefungwa.

Karatasi yenye jina lake kwa mkono wako siitaki. Hiyo ni rangi nyingine utakayoifuta kesho. Mwambie. Akae, umshike mkono ule ule ulioungua, umwambie kama ulivyoniambia mimi. Halafu aseme yeye.

Na kwa kuwa umeniambia lako, chukua na langu. Ndani ya sanduku kulikuwa na mahali pa fyuzi ndogo. Nilizunguka Likasi nzima sikuipata, na ulikuwa unanihimiza kwamba siku ya kilio imekaribia. Niliweka uzi wa shaba, nikaukaza. Kama ingekuwa fyuzi ya kweli, ingekatika umeme uliporudi. Transfoma isingeungua, wala pazia, wala mkono. Hakimu hakuniuliza habari za fyuzi na mimi sikusema. Kwa hiyo huwa nafikiri usiku na mchana kwamba pengine miezi miwili mitatu ya mwaka huu ni halali yangu. Iliyobaki ni yako.

Usiniite kaka.
Magloire

*

Likasi, 10 Novemba 2024

Magloire,

Anayeandika ni Josée, mke wa katekista, jirani yetu. Nimemwapisha asibadilishe neno, na Clotilde nimemtuma mbali.

Miezi mitatu binti yangu anakuja kukaa karibu nami, anavuta pumzi, kisha anauliza kama nataka chai. Juzi alimaliza. Alilia mpaka shingo ya shati yangu ikalowa. Aliponyamaza nilimwambia aende kulala. Sikumwambia neno lingine. Neno lenyewe nakuambia wewe, maana yeye sitaki alijue.

Nilijua.

Mimi ni kipofu, Magloire, sio kiziwi. Sauti ya mke wangu ilikuwa chini, halafu nikasikia *tak* nyuma ya meza, halafu ikapanda. Mashine haijirekebishi yenyewe. Na ile gauni ya Clotilde ya kilio ina mkanda wa plastiki unaolia akipiga magoti. Nilijua ni nani kabla moshi haujatoka. Nilifurahi hata, kwa ule ubeti mmoja.

Mwezi wa tatu nyumba ikanuka dissolvan. Clotilde hajapaka kucha tangu alipoingia kwaya ya parokia. Nikangoja atoke, nikalipapasa sanduku kama ulivyotaka kwenye barua niliyosomewa yote juzi tu, kabla hujaiandika. Palikuwa palaini. Nikalirudisha mahali pake.

Utaniuliza kwa nini basi nilikwenda nikaketi pale nikaapa. Niliwapima. Upande mmoja wewe, fundi, kijana mwenye nguvu, mwenye mke wa kukuletea chakula. Upande wa pili mtoto mmoja niliyebaki naye, anayenivisha, anayeniongoza chooni. Watu wa kwetu tayari walikuwa wanasema kwamba amekosa mume kwa sababu ana mkosi. Wangesikia kwamba ameunguza nyumba ya baba yake siku ya kumaliza kilio cha mama yake, wangempa jina ambalo halitoki. Nikakuchagua wewe. Habari ya mama yako sikuijua wakati huo. Ningeijua, sijui. Nakuambia ukweli, pengine ningekuchagua tena.

Hapa chini ni kidole gumba changu cha kushoto, na karatasi ya kuondoa malalamiko imo ndani ya bahasha, Josée ni shahidi.

Siombi msamaha, maana sijui ningeuomba kwa uso gani. Ninaomba kazi. Ukitoka, Joëlle aje achukue platini, sanduku na santuri. Daktari anasema moyo wangu umechoka. Nataka kumsikia Marlène ubeti wa pili.

Barnabé

*

Likasi, 3 Machi 2025

Papa Barnabé,

Karatasi yako ilifika. Niliambiwa kwamba hukumu ikishatoka, malalamiko hayaondolewi. Nimeumaliza mwaka wangu wote, nimetoka kwa mlango wa kawaida.

Mashine ilikuwa nyumbani nilipofika. Joëlle hakutaka niiguse. Nilikaa nayo siku tano bila kuifungua. Ya sita nikachukua bisibisi, kwa sababu vyombo vya watu vilivyobaki kwangu ni vichache na sina mteja. Katika mtaa huu mimi ndiye mwizi wa transfoma. Watu wananipa pole ya kutoka, na redio zao wanazipeleka kwa Adolphe.

Nimezungusha upya. Nilipoteza hesabu mara tatu, nikaanza tena mara tatu. Fyuzi ni fyuzi, mdogo wangu ameileta kutoka Kolwezi. Swichi iko kwenye 220. Rangi sikuweka.

Sanduku linafanya kazi. Nimejaribu kwa santuri yako, upande wote, mimi na Joëlle. Mama Marlène anaimba vizuri. Ubeti wa pili anachelewa kidogo kuingia, kama mtu aliyeanza kulia akajizuia, kisha anakwenda mpaka mwisho. Joëlle aliondoka chumbani.

Unajua kwamba siwezi kukuletea. Nikija kwako na mashine kichwani, watu watasema mwizi amerudisha mali. Njoo wewe. Jumapili hii baada ya misa, mchana, Clotilde amekushika mkono, mpite mtaani mbele ya milango yote, muingie kwangu kwa mlango wa mbele. Sitaki maneno wala hotuba. Watu wakiwaona mmeingia kwangu na kuketi, inatosha. Nitaweka kiti karibu na dirisha.

Magloire

*

Likasi, 10 Machi 2025

Magloire,

Mlitungoja jana. Najua, kwa sababu tulifika.

Papa aliamka mapema, akataka shati jeupe. Baada ya misa tukaja mguu kwa mguu, anapumzika kila mti. Njiani nilikuwa nasema moyoni kwamba nikivuka mlango wako nitapiga magoti mbele ya mama Joëlle, liwalo na liwe. Sijatamani kitu hivyo tangu nizaliwe.

Tulipofika kwenye kona ya mtaa wenu, pale wanapouza makala, ule mkaa wa kupikia, Papa akasimama. Dirisha lako lilikuwa wazi. Mlikuwa mmeshaiweka santuri. Labda ulitaka aisikie njiani ili imvute, au ulikuwa unaijaribu tu. Wanawake wa makala waliacha kuzungumza, wakatutazama. Mmoja alimtambua Papa, akamnong'oneza mwenzake.

Mama aliimba ubeti wa kwanza. Kisha wa pili, akachelewa kuingia kama ulivyoandika. Papa alikuwa amenishika mkono kwa kile kiganja chenye kovu, akanibana mpaka vidole vikafa ganzi. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi, hatua labda sitini kutoka mlangoni kwako. Niliona kiti kupitia dirishani. Nilimwona mama Joëlle akija na kikombe, akakiweka juu ya kile kiti, akaangalia nje, upande ambao hatukuwa.

Santuri ikaisha. Nikamvuta Papa kidogo. Hakusogea. Nikamwambia wanatungoja. Akavaa kofia.

"Nimesikia," akasema. "Turudi."

Nikamwambia, Papa, alitaka tuingie tu, hakuna kingine. Akasema, "Batu banaangalia weye, Clotilde." Na akageuka.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi moja. Nimeandika kwa herufi kubwa: mimi Clotilde niligeuza swichi, mimi nilifuta rangi, fundi Magloire hakuiba kitu. Nimeweka jina langu lote. Ibandike mlangoni pako, au kwenye kanisa, popote. Mashine na santuri bakini navyo. Papa hajaviuliza.

Ungetaka kujua kwa nini sikumwacha pale kwenye kona nikaja peke yangu. Nimejiuliza tangu jana. Haoni, na barabara ile ina mashimo. Nikamshika mkono, nikamrudisha nyumbani.

Clotilde